Weka tu ile ya wenzetu

Kama unataka kujua watu wa Dar wanataka nini na maisha yao, fungua steshenari. Sitanii. Mi nina kaofisi kangu maeneo ya Mabibo, mashine mbili za kopi na kompyuta inayozima ikijisikia, na kwa siku moja mkononi mwangu zinapita CV, barua za kuomba kazi, mikataba ya kupanga nyumba, kadi za michango, katiba za vikundi, michanganuo ya biashara, na kuna baba mmoja mtu mzima kabisa huwa anakuja kuchapisha barua za mapenzi halafu ananiambia nisisome, sasa ntachapaje bila kusoma. Nimeona mengi. Na katika yote hayo kuna sehemu moja ambayo karibu kila mtu akiifikia anaganda. Jina analijua, shule anazikumbuka, wadhamini anahangaika kidogo kwenye simu ila wanapatikana. Tukifika kwenye malengo, kimya. Anaangalia kompyuta, ananiangalia mimi, halafu:

"Dada, weka tu ile ya wenzetu."

Ile ya wenzetu ni sentensi moja ya Kiingereza ambayo nadhani ishazunguka kila steshenari kuanzia Mbagala hadi Bunju, inasema huyu mtu anatafuta kazi kwenye mazingira yenye changamoto ili akuze ujuzi wake na kuchangia mafanikio ya kampuni. Nimeiprinti kwa nesi, nimeiprinti kwa dereva wa lori, nimeiprinti kwa kijana aliyekuwa anaomba kulinda geti usiku, na kusema ukweli sioni changamoto gani alikuwa anaitafuta pale getini zaidi ya mbu. Kwenye CV mi sina shida nayo sana, manake hata anayezipokea hasomi hiyo sehemu. Kinachonifikirisha ni pale mtu anapokuwa hana nyingine kichwani, yani ukiifuta ile ya wenzetu hamna kitu chini yake.

Kwenye vikundi ndo utachoka. Si unajua kuna ile mikopo ya halmashauri ya asilimia 10? Kwa asiyejua, sheria inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yao ya ndani, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu, na inakopeshwa kwa vikundi bila riba. Kikundi lazima kiwe na katiba, na watu wakishasikia katiba wanajua lazima humo ndani kuwe na dira na dhima, kwaiyo vijana wanakuja wamebanana kwenye bajaji, wanaweka flash mezani, wanasema dada tunataka katiba ya leo leo, mwenyekiti wetu anaondoka saa tisa. Nawauliza dira yenu nini. Wanaangaliana. Mmoja anasema kutokomeza umaskini. Mwingine anasema hapana, weka kuwa kikundi bora Afrika Mashariki. Wanauza maji ya chupa kwenye foleni ya Ubungo.

Sasa siku moja akaja mama mmoja wa Mburahati na wenzake, wanatengeneza sabuni ya maji na batiki. Nikamwamkia, nikafungua faili la zamani kama kawaida yangu, nikaanza kuchapa kuwa kikundi cha mfano katika kumwinua mwanamke kiuchumi. Yule mama alikuwa kasimama nyuma yangu na miwani kaishusha puani, akanigusa bega.

"Futa hiyo mwanangu. Mfano kwa nani?"

Nikafuta. Akasema andika hivi: kila mwanachama awe analala kwenye nyumba yenye jina lake, hata kama ni chumba kimoja na hakijapigwa lipu. Wenzake wakaanza kucheka. Mmoja akauliza, "Na mimi ambaye mume wangu ameshajenga je?" Mama akamgeukia, "Kwani hati ina jina lako?" Kicheko kilichotoka pale hadi bodaboda wa nje akachungulia. Halafu wakaacha kucheka, wakaanza kubishana kweli kweli, viwanja vya Chanika saivi bei gani, Msongola je, maji yapo, tukiweka faida ya sabuni bila kugusa kwa mwaka inatoka kiwanja kimoja au nusu, nani aanze, akianza akahama kikundi tunamfanyaje. Nilikaa nao hadi giza, foleni ya wateja ikanikimbia, na ile sentensi moja ikazaa kurasa nne za sheria za ndani ambazo hazikuwepo kwenye faili langu lolote.

Baadaye alikuja mtu wao mmoja na wazo la kuacha sabuni wakanunue maturubai na viti vya kukodisha, biashara ya shughuli, inaonekana, mtaa mzima utawajua. Yule mama akauliza swali moja tu, "Inatuletea tofali au inatuletea sifa?" Wakapiga hesabu pale pale kwenye benchi langu, usafiri, viti vinavyovunjika, watu wa mtaani wanaoazima bure kwa sababu ni msiba na huwezi kukataa. Wazo likafa kabla ya soda kuisha.

Hapo ndo nilipoanza kuielewa hii habari ya dira tofauti na wanavyoihubiri kwenye semina. Kazi yake kubwa, kwa nilivyoona mimi, ni kukupa sababu ya kukataa. Na Dar ni mji ambao usipokuwa na sababu ya kukataa umekwisha, manake hapa kila mtu ana fursa ya kukupa. 2009 kulikuwa na ule mchezo wa kupanda mbegu na kuvuna, mbegu yenyewe ni hela yako na unaahidiwa kuvuna zaidi, watu wakauza hadi friji wakapande. Zikaja kware, kama 2014 hivi, yai la kware likawa linatibu kila kitu kuanzia presha mpaka ndoa, jirani yangu akajenga vizimba vitatu kwa mbao nzuri kabisa, leo wanaweka viatu vya watoto. Wakaja sungura, likaja tikiti, hilo la kwenye Excel ambalo heka moja inatoa mamilioni na hamna mdudu hata mmoja, ikaja vanila, ikaja forex na vijana wake wa laptop na picha za magari ya kukodi. Sisemi zote ni utapeli. Tikiti watu wanalima na wanapata. Nachosema ni kwamba kama hujui unaenda wapi, kila gari linalopiga honi unahisi ni lako.

Na usifikirie wanaoingia huko ni wajinga, wengi ni watu wenye akili na bidii kushinda mimi. Mtu anaamka saa kumi alfajiri, analala saa sita, ana mishe nne kwenye simu, na mwisho wa mwaka ukimuuliza umefika wapi anakutajia alipopita. Bidii anayo. Hana cha kupimia tu kama ile bidii inamsogeza.

Halafu kuna hela ndogo ndogo, ambazo kwa mtu wa kawaida ndo zinauma zaidi kuliko hizo fursa. Michango. Yani mtu yuko kwenye magrupu sita ya WhatsApp, sendofu ya huyu, kicheni pati ya yule, ubarikio, arobaini, besidei ya mtoto wa bosi, na kila grupu lina mtu mmoja mkali wa kuweka orodha ya ambao hawajatimiza ahadi. Mi nachapisha hizo kadi kwaiyo zinanilisha, sitakiwi hata kusema. Lakini nimeona mtu anachapisha kadi ya kuomba mchango wa harusi ya milioni nyingi na wiki hiyo hiyo anarudi kuprinti barua ya kumwomba mwenye nyumba amvumilie kodi. Kamati inakaa miezi minne kupanga Jumamosi moja. Hakuna aliyewahi kuita kamati hata ya wiki moja wapange miaka kumi baada ya hiyo Jumamosi.

Kuna upande mwingine lazima niuseme, kwa sababu haya mambo ya kusudi yakisemwa vibaya yanakuwa matusi. Kuna dada mmoja anatoka Chamazi usiku wa manane kuwahi samaki Feri, akauze mtaani akiwa amebeba beseni. Ukimsimamisha barabarani ukamwambia andika maono yako atakuona huna kazi, na atakuwa sahihi. Ila ukikaa naye utagundua kila mwezi ada ya mtoto wake inatoka kwanza kabla ya kodi, kabla ya nguo, kabla ya chochote, na mashoga zake walishamzoea kwamba vijora vya sare hanunui. Hajaandika popote. Ninaprinti makaratasi ya watu wenye digrii mbili ambao hawana kitu kimoja kinachotoka kwanza namna ile.

Ndo maana semina za hamasa huwa zinanichosha. Nimeenda kadhaa, kwenye kumbi za Sinza na Mlimani City, unalipa kiingilio unapewa kalamu, jamaa anapiga kelele jukwaani mpaka jasho, mnaambiwa funga macho ujione una miaka hamsini, unaona nyumba ya ghorofa, unafungua macho unarudi kugombania mwendokasi. Na lazima watamtaja John Stephen Akhwari. Kila semina. Jamaa wa Mbulu, marathoni ya Olimpiki Mexico 1968, akaanguka, goti likaumia, akamaliza wa mwisho zaidi ya saa moja nyuma ya Mamo Wolde wa Ethiopia, giza limeingia na uwanja umebaki na watu wachache, akasema nchi yake haikumtuma maili elfu tano kuanza mbio, ilimtuma kumaliza. Ni habari kubwa, sibishi. Lakini wanaishia pale pale kila mara, hamna anayekwambia kwamba miaka miwili baadaye, 1970, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola kule Edinburgh, yule yule Akhwari alikimbia marathoni akamaliza wa tano. Goti likapona akarudi mazoezini. Kwangu mimi hiyo ndo sehemu yenye funzo, ila haina machozi, kwaiyo jukwaani haipandi.

Swali ambalo naulizwa sana hapa ofisini, hasa na hawa vijana wa chuo wanaokuja kubaindi ripoti zao, ni hili: dada, sasa mtu kama hajui kusudi lake anafanyaje? Wanaliuliza kama vile kusudi ni namba ya NIDA, lipo mahali limeandikwa, wao tu bado hawajatumiwa meseji. Huwa nawapa habari ya Edward Tingatinga, manake hao wote wanazijua zile picha zilizojaa rangi, chui na ndege na mbuyu, ila wengi hawajui kwamba Tingatinga ni jina la mtu. Alizaliwa 1932 huko Tunduru, akaenda kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge Tanga, akaja Dar akafanya kazi za ndani na bustani kwenye nyumba za watu. Hajasomea sanaa popote. Miaka ya 60 inaelekea kuisha ndo anaanza kuchora, akiwa mtu mzima wa miaka thelathini na kitu, anachukua ubao wa dari, ile hadibodi, anachora kwa rangi ya baiskeli kwa sababu ndo rangi inayopatikana na bei yake anaiweza, na picha zinauzwa nje ya Morogoro Stores pale Oysterbay kwa Wazungu wanaokuja kununua mboga.

Sidhani kama aliamka siku moja akasema nataka kuanzisha mtindo wa sanaa utakaoitwa kwa jina langu duniani. Alichora moja ikauzika, akachora nyingine, ndugu na vijana wakamzunguka, akaanza kuwafundisha. 1972 polisi wakampiga risasi wakimdhania mhalifu, akafa. Yani miaka yake ya kuchora haizidi minne au mitano hivi. Lakini wale aliowafundisha wakaendelea, hadi 1990 wakawa na chama chao cha ushirika, na leo ukienda pale pale karibu na Morogoro Stores utawakuta watu wamekaa chini wanachora, wengine ni wajukuu wa wale wa kwanza. Kwaiyo kijana akiniambia hajui kusudi lake namuuliza kitu gani unakifanya vizuri ambacho kuna mtu kakurudia mara ya pili kukiomba, tuanzie hapo. Wengine wanakasirika. Walitaka kitu kikubwa zaidi.

Na kuna kosa la upande wa pili, la kudhani ukishapata cheo umeshapata kusudi. Ukipita Gongo la Mboto ukaendelea mbele unafika Pugu, kuna ile sekondari. Nyerere alikuwa anafundisha pale. TANU imezaliwa tarehe 7 Julai 1954, na mwaka uliofuata, baada ya safari yake ya kwenda Umoja wa Mataifa, akaambiwa achague, ualimu au siasa. Akaandika barua ya kuacha kazi. Ana mke, ana watoto, na mshahara ndo huo umeondoka. Sawa, hiyo wengi tunaijua. Ila inayonishangaza mimi zaidi ni ya Januari 1962. Uhuru tumepata tarehe 9 Desemba 1961, jamaa ni waziri mkuu, wiki sita tu na kidogo zimepita anajiuzulu, anamwachia Rashidi Kawawa, anaenda kuzunguka mikoani kukijenga chama na kuzungumza na watu. Fikiria mtu wa leo ndo kapewa ofisi na gari na ving'ora. Mwenyewe alikuwa anasema ualimu aliuchagua, siasa ilimkuta tu, na mpaka anafariki 1999 watu walimwita Mwalimu. Unaweza kumkosoa kwa mengine, na wazee wa mtaani kwetu wakianza habari za foleni za sabuni na sukari miaka ya 80 hawamalizi. Lakini huwezi kusema alikuwa hajui yuko pale kwa ajili ya nini.

Nchi yenyewe imejiandikia. Tarehe 17 Julai 2025 kule Dodoma Rais Samia alizindua Dira ya Taifa ya Maendeleo 2050, inataka uchumi ufike dola trilioni 1 na pato la mtu mmoja lifike dola 7,000 kwa mwaka. Ile iliyotangulia, ya 2025, iliandaliwa mwishoni mwa miaka ya 90 wakati wa Mkapa, ikataja kufika kipato cha kati, na Julai 2020 Benki ya Dunia ikatuweka kwenye kundi la kipato cha kati cha chini. Watu wanabishana kama mfukoni kimefika, na mi pia mfuko wangu una maoni yake. Lakini angalia kitu kimoja: kwa sababu kuna namba na kuna mwaka, tunaweza kubishana. Kikundi bora Afrika Mashariki huwezi kukibishia, wala huwezi kukidai. Yule mama wa Mburahati na hati yenye jina lake, unaweza kwenda 2030 ukamwuliza iko wapi, na anajua utakuja, ndo maana sabuni haichakachuliwi.

Mimi je? Nimeulizwa juzi na mteja, akasema we dada unatuuliza sana, yako ipi. Haki yake.

Yangu imetokana na watoto wanaokaa hapa ofisini kusubiri wazazi wao watoe kopi. Wanakaa juu ya maboksi ya rimu, na kwa kuwa hamna tivii, wanaokota makaratasi yaliyoharibika na kuyasoma. Nimemkuta mtoto wa darasa la tatu anasoma kadi ya msiba kwa sauti, kwa hisia zote, kamaliza kaomba nyingine. Wanataka kusoma hawa, hamna cha kusoma, na vitabu vya hadithi vizuri vya Kiswahili ukivikuta dukani bei yake mzazi wa Mabibo anapiga hesabu ya unga anavirudisha. Kwaiyo sentensi yangu ni hii: kitabu cha hadithi cha Kiswahili, kimechapwa vizuri, ambacho bei yake haizidi sahani ya chipsi yai. Basi. Imebandikwa ukutani nyuma ya mashine ya kopi, wateja wanadhani ni tangazo.

Tangu niibandike imenigharimu. Baba mdogo wangu ana maduka Kariakoo, mwaka jana akaniita, akasema ana fremu ya pili mtaa wa Aggrey, vifaa vya simu, kava na chaja, niingie naye nusu kwa nusu, sharti nifunge steshenari nihamie kule mazima. Hesabu zilikuwa nzuri, sikuziona na dosari. Nikamwambia hapana baba, nikamweleza na sababu. Alinisikiliza hadi mwisho, akaniangalia kwa huruma, akasema, "Mwanangu, vitabu vya watoto?" Mama alipiga simu usiku ule ule kuniuliza kama nimerogwa. Fremu akapewa binamu yangu, inafanya vizuri, kashaongeza na nyingine, na kwenye grupu la familia huwa wananitajia hiyo habari bila kunitaja jina.

Maeneo ya Gerezani, kwa wenye mashine za ofseti, nimeshaenda kuulizia nakala mia tano za kwanza. Bado bei inatoka juu ya chipsi yai, tena chipsi yai na mishkaki miwili. Fundi ananishauri nitoe rangi ndani ibaki kwenye jalada tu, na nikikata kurasa nane naweza kukaribia. Nimeanza na ukurasa wa sungura anayevuka mto, ule hauna kazi.